Kuibua vipaumbele vya kijiji bila kuburuzwa na wachache: hatua kwa mwezeshaji

Mpango ukiandikwa na watu wanne ofisini kwa mtendaji, wananchi wataupitisha kwa kunyoosha mikono, halafu siku ya kuchimba mtaro hutamwona mtu. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaotumika katika halmashauri za Tanzania, unataka mpango uanzie kwa wananchi wenyewe. Tuchukue mfano wa kijiji chenye shida ya maji.

Hatua ya 1: Piga hodi ofisini. Mweleze mwenyekiti na mtendaji unachokuja kufanya, kisha uliza kalenda ya shamba. Msimu wa palizi usiite mtu kikaoni. Usitaje mfadhili wala kiasi cha fedha, hata ukidodoswa vipi. Ukitaja tu, kila mtu ataomba anachodhani kinapatikana. Na posho ya kikao usiizoeshe.

Hatua ya 2: Shuka vitongojini. Wanawake wakae peke yao, wanaume peke yao, vijana nao vivyo hivyo. Kila kundi lichore ramani ya kitongoji chini kwa majivu, vijiti na mawe. Wakabidhi kijiti, kisha nyamaza. Mara nyingi wanaume huanza na barabara na mipaka ya mashamba, wakati wanawake wanakuonyesha kisima kipi hukauka kiangazi na wapi foleni ya ndoo huanza alfajiri. Ramani zikipingana, usisuluhishe. Nakili zote kwenye karatasi kabla mbuzi hawajazikanyaga.

Hatua ya 3: Tembea na wenyeji kutoka mlimani hadi bondeni, ukahakiki kilichochorwa.

Hatua ya 4: Linganisha mahitaji mawili mawili. Hapa usiharakishe. Tuseme yametajwa maji, zahanati, barabara na darasa; hizo ni jozi sita. Kwa kila jozi weka makopo mawili nyuma ya ukuta, moja kwa kila hitaji, kila mtu apite peke yake na kutia punje moja ya mahindi kwenye kopo la hitaji analolitanguliza. Kura ya mikono inamfuata mwenye duka. Punje haina jina. Hesabuni hadharani, halafu uliza: kwa nini maji yameishinda zahanati? Andika sababu kwa maneno yao, mathalani kwamba watoto wanaharishwa na maji yale yale ya bwawani. Sababu hizo ndizo zitakazolibeba andiko lako la mradi kuliko idadi ya punje.

Hatua ya 5: Peleka matokeo mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, si wajumbe wa halmashauri ya kijiji pekee. Wasemaji wawe wawakilishi wa makundi. Wewe kaa pembeni. Muhtasari uambatane na mahudhurio yaliyosainiwa.

Hatua ya 6: Pampu ikifa, nani analipa? Swali hili liulizwe kabla ya kuchimba. Chini ya sheria ya maji ya 2019, miradi ya vijijini huendeshwa na vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii, chini ya usimamizi wa RUWASA, yaani wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini. Wananchi wakubaliane bei ya ndoo, nani ashike fedha, nani ashike spana, na kaya zipi zisizojiweza zichote bure. Mapato na matumizi yasomwe kila mkutano mkuu na kubandikwa ubaoni. Wasipoafikiana bei ya ndoo, usipeleke andiko wilayani. Rudi kitongojini.