Kuchagua chenso ya kuni: uliza spea kabla ya bei

Mimi nakata kuni za mikaratusi upande wa Kasese na Kyenjojo, Uganda. Nyingi zinaishia jikoni kwenye shule za bweni, nyingine kwenye viwanda vya chai, maana majani hukaushwa kwa moto wa kuni. Siku ya kazi chenso, yaani msumeno wa injini, inanguruma tangu umande haujakauka mpaka Fuso lijae. Ikizima saa nne asubuhi, vibarua wanne wanakaa kivulini wakinitazama, na mwenye gari anaangalia saa. Kwa hiyo mtu akiniuliza chenso gani ni nzuri, sitaji jina. Namuuliza spea zake atazipata wapi.

Hatua ya 1: Anza na mti

Kabla ya kwenda dukani, chukua futi ya fundi cherehani upime miti unayoikata. Mikaratusi yangu mingi ina unene wa sentimita 15 hadi 30. Hiyo inatoshwa na baa, bamba refu linaloshika mnyororo, ya inchi 16 au 18 (inchi 18 ni kama sentimita 45) na injini ya ukubwa wa cc 45 hadi 60. Gogo moja moja likizidi hapo, utalikata kutoka pande mbili.

Chini ya cc 40 ni mashine ya kupogolea mwembe nyumbani. Juu ya cc 70 ni za wapasua mbao. Stihl 070, kwa mfano, ina cc 106 na uzito wake unapita kilo 10 kabla hujafunga baa. Nimeona vijana wakiinunua kwa sifa, halafu saa nane mchana mikono inatetemeka hata kikombe cha chai hakishikiki. Za betri ziache kwa wenye bustani mjini.

Na kama miti si yako, maliza kwanza mambo na afisa misitu wa wilaya. Chenso ikikamatwa, uzuri wake haukusaidii.

Hatua ya 2: Spea ziwekwe mezani

Chenso yangu ya kwanza ilikuwa mpya, ya bei nafuu, inang'aa. Mwezi wa pili gia ndogo ya plastiki inayozungusha pampu ya oili ya mnyororo ilikatika. Kitu chenyewe kinatosha kwenye kiganja cha mtoto. Nilizunguka siku nne, nikapanda basi mpaka Kampala, sikukipata. Katwe, mtaa wa mafundi huko Kampala, watakuchongea karibu kila kitu cha chuma, lakini gia ile walinirudishia wakicheka. Leo kuku wanalala juu ya mashine hiyo.

Tangu siku hiyo naingia dukani na orodha: kamba na springi ya starta, plagi, kichujio cha hewa, sproketi (gia inayozungusha mnyororo), klachi, pampu ya oili, diaframu za kabureta, pistoni na ringi zake. Mwambie muuzaji aviweke mezani, uvione. Akisema "vinakuja wiki ijayo," mshukuru utoke. Stihl na Husqvarna zimeenea, kwa hiyo hata fundi wa kijijini ameshazifungua, na hiyo ni nusu ya uimara wa mashine.

Hatua ya 3: Usiamini namba iliyobandikwa

Za kuiga ni nyingi, na rangi ya machungwa haithibitishi kitu. Stihl halisi ina namba yake imegongwa kwenye chuma cha injini. Karatasi iliyobandikwa peke yake isikutulize. Angalia pia kingo za plastiki: zikikuchuna kidole, ujue zilitoka kiwandani kwa haraka.

Namba ya cc nayo huongezwa chumvi. Niliwahi kuifungua moja iliyoandikwa 58, nikaipima. Kipenyo cha silinda kilikuwa milimita 45.2, na mwendo wa pistoni milimita 34. Zidisha kwa sentimita: 4.52 × 4.52 × 0.785 × 3.4, unapata 54.5. Si kwamba mashine ya 54.5 ni mbovu. Ila aliyedanganya juu ya kibandiko sioni kwa nini asidanganye juu ya bearingi.

Hatua ya 4: Iwashe ikiwa baridi

Hapa usione haya, hata foleni ikiwa nyuma yako. Kwanza gusa silinda. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha kabla hujafika, na chenso yenye kasoro nyingi huwaka vizuri ikishapata joto. Subiri ipoe.

Iweke chini, kanyaga mpini wa nyuma, vuta choki, vuta kamba. Ikikohoa, rudisha choki, vuta tena. Mpya ikikushinda baada ya mivuto kumi, iache.

Ikishatulia kwenye silensa, yaani inanguruma taratibu bila kuvutwa mafuta, tazama mnyororo. Usizunguke. Ukizunguka, huenda silensa iko juu tu, na bisibisi inaitengeneza hapo hapo. Kama hautulii hata baada ya hapo, springi za klachi zimechoka. Kisha vuta mafuta, usukume kinga ya mbele kwa kifundo cha mkono: mnyororo usimame papo hapo. Breki hiyo ndiyo inayokuokoa pua ya baa ikigonga gogo na mashine kurukia usoni. Isiyosimama siichukui hata nikipunguziwa nusu ya bei.

Sasa elekeza pua ya baa kwenye kipande cha boksi, umbali wa kiganja, uvute mafuta. Baada ya sekunde chache uone mstari mwembamba wa oili. Boksi likibaki kavu, baa itaungua ndani ya wiki.

Mwisho, iache ifanye kazi dakika kumi, izime, ngoja dakika tano, iwashe tena. Koili mbovu, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, hujificha mashine ikiwa baridi. Hapa ndipo inapojianika.

Hatua ya 5: Ukiangukia ya mtumba

Mimi nachagua mtumba halisi kuliko mpya ya kuiga, mradi fundi aifungue mbele yangu. Ikiwa imezimwa, inyanyue kwa mpini wa kamba ya starta. Ikining'inia, au ikishuka kwa kusitasita, mgandamizo upo. Ikishuka kama ndoo kisimani, ringi zimekwisha.

Halafu fundi atoe egzosi. Ni skrubu chache tu. Zungusha injini polepole kwa kamba, chungulia tundu lile kwa tochi ya simu. Pistoni nzuri inang'aa na ina mistari myembamba ya kulala. Ukiona mikwaruzo ya kusimama, iliwahi kukaa bila oili ya kutosha, na bei ishuke sana au uondoke.

Hatua ya 6: Mnyororo na tupa vioane

Pima kutoka ribiti ya kwanza mpaka ya tatu, kisha gawa kwa mbili. Ikitoka milimita 9.5, mnyororo ni wa inchi 3/8, na tupa yake ya mviringo ni ya milimita 5.2 au 5.5. Ikitoka 8.25, ni wa 0.325, tupa ya 4.8. Sproketi na pua ya baa lazima viwe vya kipimo hicho hicho. Nunua minyororo miwili tangu mwanzo: gogo lililoburutwa kwenye mchanga humaliza makali kabla ya chai ya saa nne.

Hatua ya 7: Mafuta, na mlima

Petroli chukua kituoni. Ya chupa za barabarani huenda imechanganywa na mafuta ya taa. Ukiwa na oili nzuri ya 2T, ile ya kuchanganya na petroli, na kitabu cha mashine kinasema 50 kwa 1, lita 5 zinataka mililita 100, yaani theluthi ya chupa ya soda ya 300. Kikisema 25 kwa 1, weka 200. Oili ya bodaboda ya injini za 4T isikaribie tangi hilo.

Kabureta ikirekebishwa Kabale, karibu mita 2,000 juu, usishuke nayo Ntoroko kwenye Ziwa Albert, chini ya mita 700, ukaanza kukata. Huko hewa ni nzito, mafuta yanakuwa haba, pistoni inaungua. Niliua moja hivyo kwa mchana mmoja. Ukifika chini, legeza kidogo skrubu ya H, inayopima mafuta ya kasi kubwa kwenye kabureta, mpaka mlio wa kasi upoteze ule ukali wa juu.

Mnyororo mpya hurefuka, kwa hiyo ukaze baada ya tangi la kwanza. Jioni ulegeze tena kabla ya kuiweka mashine, kwa sababu chuma kikipoa hujivuta na kupinda shafti.