Majeruhi wa ajali kubwa akishalazwa: namna ya kumkagua upya ndani ya saa 24

Majeruhi wa ajali kubwa akifika idara ya dharura, kila mtu hushughulika na kinachoweza kumuua sasa hivi: damu inayomwagika, njia ya hewa, kifua, kichwa. Ndivyo inavyopasa, na huo ndio uchunguzi wa kwanza. Uchunguzi wa pili, ule wa kupitia mwili mzima, mara nyingi hukatishwa kwa sababu mgonjwa anakimbizwa chumba cha upasuaji. Kesho yake yuko wodini na zamu nzima inamwita “yule wa paja”. Kifundo cha mkono kilichovunjika, goti lililochanika ndani au utumbo uliotoboka havina anayeviulizia.

Kwa hiyo kuna uchunguzi wa tatu. Enderson na wenzake, nchini Marekani, walichapisha utafiti kuhusu uchunguzi huo mwaka 1990. Unafanywa ndani ya saa 24 tangu mgonjwa alazwe, kisha unarudiwa akizinduka na akianza kusimama. Katika baadhi ya hospitali za Uingereza kazi hii hufanywa na wauguzi wabobezi wa majeruhi. Hapa Dar es Salaam, MUHAS (Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili) inafundisha wauguzi kwa ngazi ya uzamili katika uangalizi mahututi na majeruhi, nami naamini kwa dhati kwamba kazi hii inatufaa sisi wauguzi. Sisi ndio tunaomgeuza mgonjwa, tunamwosha na kumbadilishia shuka. Hakuna anayeuona mgongo wake kuliko sisi.

Hatua ya 1: Ijue ajali kabla ya kumgusa mgonjwa

Soma faili lote, na kama ameletwa kwa rufaa kutoka hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala, soma na karatasi ya rufaa. Waulize ndugu kama wana picha za hospitali ya kwanza, maana mara nyingi bahasha ya eksirei iko kwenye mkoba wa shangazi huko nje.

Kisha uliza ilivyotokea. Dereva wa bodaboda aliyerushwa akaangukia bega anaweza kuvutika neva za mkono. Abiria wa mbele aliyegonga goti kwenye dashibodi, mtazame goti na nyonga. Aliyefunga mkanda na ana alama yake tumboni, fikiria utumbo na pingili za kiuno. Fundi aliyeanguka kutoka ghorofani Kariakoo akatua kwa miguu, kagua visigino vyote viwili, halafu uti wa mgongo, hata kama analalamikia kisigino kimoja tu.

Hatua ya 2: Zungumza naye

Msalimu kwa heshima yake, jitambulishe, mweleze unachotaka kufanya na uvute pazia. Swali linalonisaidia kuliko yote ni hili: “Kaka, ukiacha hilo paja, wapi pengine panakuuma?” Maumivu makubwa hufunika madogo, na wagonjwa wengi hudhani si adabu kulalamikia kidole wakati wamevunjika mguu. Akikujibu “kidogo tu, sista”, hapo ndipo pa kuanzia.

Asiye na fahamu, aliye kwenye mashine ya kupumua, au ambaye pombe haijamtoka, mkague hivyo hivyo, lakini andika wazi kwamba uchunguzi haujakamilika.

Hatua ya 3: Kichwa hadi unyayo, kwa mikono

Jambo moja kwanza. Kwenye ngozi nyeusi mvilio wa damu hauonekani kirahisi, kwa hiyo usitegemee macho peke yake. Gusa, tafuta uvimbe, joto na ugumu, na linganisha upande mmoja na wa pili. Weupe wa kupungukiwa damu utafute ndani ya kope na kwenye viganja.

Papasa kichwa chote chini ya nywele. Angalia mboni za macho. Angalia nyuma ya masikio, kwa sababu weusi unaoashiria ufa chini ya fuvu unaweza kujitokeza baada ya siku moja au mbili. Majimaji mepesi yanayotoka puani au sikioni, mwite daktari. Mwambie aume meno na umuulize kama yanakutana kama zamani, maana taya lililovunjika hujulikana hivyo. Kola ya shingo usiivue mpaka daktari aliyeona picha aandike kwenye faili.

Kifuani, bonyeza mitulinga na mbavu taratibu, sikiliza pande zote mbili, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Tumboni, linganisha na ilivyoandikwa jana. Utumbo uliotoboka unaweza kuchukua siku nzima kabla ya kujionyesha, kwa hiyo maumivu yanayoongezeka na mapigo yanayopanda yasisubiri raundi ya asubuhi. Maumivu ya bega la kushoto kwa mtu ambaye bega halikuumia yanaweza kuwa ya bandama. Nyonga usiitikise kamwe, waweza kuamsha damu iliyokwisha kuganda. Mwanamume mwenye damu kwenye tundu la mkojo asiwekewe katheta kabla ya daktari kumwona.

Mikono na miguu ndiyo sehemu ambayo majeraha mengi husahaulika. Pitia kila kiungo, kila kidole, juu na chini ya kila jeraha linalojulikana. Bonyeza kishimo kilicho kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Pakiuma, usiridhike na eksirei safi, kwani mfupa ule mdogo unaweza kuonekana mzima siku ya kwanza na ufa ukaonekana picha ikirudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Mvilio kwenye unyayo ni dalili ya kuumia katikati ya mguu. Goti lililovimba na kulegea huenda liliteguka likarudi lenyewe, na ateri iliyo nyuma yake ikawa imejeruhiwa. Pima mapigo ya miguu yote miwili, wala usitosheke na kuona mguu una joto.

Muundi uliovunjika unataka macho yako kila saa. Misuli ikivimba ndani ya utando wake, damu inashindwa kuifikia na mguu unaweza kupotea. Mgonjwa analia kwa maumivu yanayozidi jeraha lenyewe na dawa haimpozi. Nyoosha vidole vyake vya mguu polepole, na akipiga kelele mpigie daktari wa upasuaji muda huo huo. Mapigo yanaweza kuwepo bado, yasikudanganye. P.O.P. (plasta ngumu ya kushikilia mfupa) na bandeji zipasuliwe mpaka ngozi ionekane, mguu ubaki usawa wa moyo, usiuinue juu ya mito.

Mwisho, mgeuze. Mnahitajika watu wanne, mmoja ameshika kichwa na ndiye anayehesabu. Bonyeza pingili moja moja, tazama makalio na msamba. Kama bado yuko juu ya ubao wa kubebea wagonjwa, mtoeni leo, kidonda cha mgandamizo hakingoji.

Hatua ya 4: Picha na vipimo

Hakikisha kila picha iliyopigwa ina majibu yaliyoandikwa na daktari wa radiolojia. Wingi wa damu uupime tena. Angalia kama alipata chanjo ya pepopunda, na kama mwenye mfupa uliotoka nje alianza antibayotiki. Mkojo wa mtu mzima usipungue nusu mililita kwa kila kilo kwa saa.

Hatua ya 5: Andika, kisha tamka

Ulichokipata kiandike kwa jina la kiungo na upande, kisha umwambie daktari kwa mdomo. Mkumbushe pia kuhusu PF3, fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha ya mgonjwa. Jeraha lililogunduliwa wodini lisipofika kwenye fomu hiyo, mgonjwa anaweza kuhangaika akidai fidia, na hapo wewe hutakuwepo kumtetea.

Hatua ya 6: Rudia

Siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya mfupa mrefu kuvunjika, mgonjwa anayebanwa pumzi ghafla na kuchanganyikiwa huenda mafuta ya mfupa yameingia kwenye mapafu. Mpe oksijeni, ita daktari, kisha tafuta vidoa vya damu ndani ya kope na mdomoni, ambako vinaonekana kuliko kwenye ngozi. Akianza kusimama, mkague tena miguu na mgongo, kwani baadhi ya majeraha huuma pale tu yanapobeba uzito.

Siku ya kuruhusiwa, mkague mara ya mwisho kabla hajafungasha. Anayerudi Mbagala au Gongo la Mboto aondoke na tarehe ya kliniki, na ndugu anayemchukua aambiwe dalili za kumrudisha hata usiku wa manane: tumbo linalouma zaidi, kubanwa pumzi, usingizi usio wa kawaida, na vidole vilivyokufa ganzi au kuwa baridi ndani ya P.O.P.