Kumshauri kijana mwenye usonji au ADHD mtandaoni

Kabla ya kikao cha kwanza, muulize kijana mwenyewe, si mzazi wake: tuonane kwa video, tuongee kwa sauti tu, au tuandikiane? Wengi ninaowashauri huzima kamera, nami siwaambii waiwashe. Kutazama uso, kusikiliza na kutunga jibu ni kazi tatu kwa mpigo. Mpunguzie moja.

Siku moja kabla, tuma ratiba. Yangu huwa hivi: "Kesho saa kumi jioni. Kwanza utanionyesha mchoro ulipofikia. Kisha tutaandika barua ya maombi, aya ya kwanza tu. Saa kumi na nusu tunaagana hata kama hatujamaliza." Sentensi hiyo ya mwisho usiiache. Asiyejua jambo litaisha saa ngapi humaliza nguvu zake akisubiri liishe.

Ukishauliza swali, nyamaza. Nyamaza kweli. Ukilirudia kwa maneno mengine umempa swali la pili, na la kwanza bado analichambua. Mkiandikiana, zile nukta tatu za kuonyesha kwamba anaandika zitatokea, zitapotea, zitarudi, mwache. Swali nalo liwe na mipaka. "Masomo yanaendeleaje?" halishikiki, "Somo gani limekuchosha wiki hii?" linajibika.

Akijibu kwa neno moja kavu, usiharakishe kumwita mkorofi. Damian Milton, mwanasosholojia ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao hutoka pande zote mbili. Kwa hiyo uliza alimaanisha nini, na wewe sema lako waziwazi, bila mafumbo.

Mwenye ADHD, yaani hali inayofanya umakini na utulivu viwe vigumu, mara nyingi anajua la kufanya. Kuanza ndiko kunakomshinda. Mawaidha ya nidhamu ameshayasikia hadi yamemchosha. Wekeni saa ya dakika kumi, kila mmoja afanye kazi yake kimya, simu ikiwa hewani. Hakuna mbinu ninayoipenda kuliko hii. Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, mtumie ujumbe wa sauti badala ya aya ndefu.

Kuhusu usalama sina mjadala: mzazi ajue mnakutana lini na kwa programu gani, na usihamie akaunti za faragha. Usiahidi kutunza kila siri. Mwambie mapema kwamba akiwa hatarini utamwarifu mtu mzima, na umtaje ni nani.

Asipotokea, usimuulize kwa nini. Andika tu: "Nilikuwepo. Alhamisi saa kumi inakufaa, au Ijumaa?"