Ukiwa New York usiishie kwenye sahani: matukio ya Walatino na watu wa Karibi vyuoni

Walatino, yaani watu wa asili ya Amerika ya Kilatini, na watu wa Karibi tunakaa nao jengo moja Bronx, tunanunua maziwa usiku kwenye duka lao la kona, watoto wetu wanasoma darasa moja. Lakini mwulize Mtanzania au Mkenya wa hapa New York kama amewahi kuhudhuria mhadhara wa Wadominika (watu wa Jamhuri ya Dominika) au kongamano la Wahaiti, atakwambia hizo ni shughuli za wenyewe. Si kweli. Mengi ya matukio hayo hufanyika kwenye vyuo vya CUNY, chuo kikuu cha umma cha jiji hili, na mara nyingi kinachotakiwa ni kujisajili mapema tu, bila kiingilio.

Wengi wetu tuliowahi kwenda tulikwenda usiku wa utamaduni: ngoma, bendera, chakula cha bure, picha mbili tatu, nyumbani. Hakuna ubaya. Ila shibe ya kweli iko Jumanne jioni, kwenye ukumbi mdogo wenye viti vya kukunja, ambako profesa anaeleza jinsi watu wa kijiji kimoja cha visiwani walivyohamia mtaa mmoja wa Manhattan. Huko ndiko mgeni anapopata kitu cha kumfaa yeye na chama chake.

Kwa anayeanza, ningemwelekeza Hostos kwanza. Chuo hiki kilianzishwa 1968 kusini mwa Bronx na kupewa jina la Eugenio María de Hostos, mwalimu na mwandishi wa Puerto Rico. Kiko makutano ya mtaa wa 149 na Grand Concourse. Treni namba 2, 4 na 5 zinakushusha hapo hapo. Kina ukumbi wa sanaa unaoleta muziki na tamthilia za Wapuertoriko na Wadominika, na umati wake ni wa familia: bibi, mjukuu, mtoto mchanga. Huwezi kujihisi umevamia.

Kisha City College kule Harlem, treni namba 1, kituo cha mtaa wa 137. Hapo ndipo ilipo Taasisi ya Mafunzo ya Kidominika, iliyoanza 1992. Chuo cha Hunter nacho kina Centro, kituo cha mafunzo ya Puerto Rico kilichoanzishwa 1973, na maktaba yake iko East Harlem, mtaa wa 119 na Third Avenue. Kwa Wahaiti panda treni namba 2 mpaka mwisho wa reli, Brooklyn College, kwenye taasisi ya CUNY ya mafunzo ya Haiti. Mkongo, Mrundi au Mnyarwanda anayejua Kifaransa atapata wa kuzungumza naye kabla hajakaa kitini. Popote uendapo beba kitambulisho chenye picha, maana walinzi wa mlangoni wanakiomba, na jina lako liwe kwenye orodha.

Ukijua taasisi hizi zilivyopatikana utaelewa kwa nini wenyewe wanazilinda kwa wivu. Majira ya kuchipua ya 1969 wanafunzi weusi na Wapuertoriko waliifunga sehemu ya City College wakidai nafasi zaidi za watu wao na masomo yanayowahusu. Mwaka uliofuata CUNY ikafungua milango kwa kila aliyemaliza sekondari jijini. Kwa hiyo mtu akisimama kwenye kongamano akaanza kuitetea bajeti ya kituo kwa sauti ya juu, usidhani amekosa adabu. Anakilinda kitu kilichogombewa.

Kalenda sasa. Msimu mkubwa ni kuanzia 15 Septemba hadi 15 Oktoba, mwezi wa urithi wa Walatino (Hispanic Heritage Month). Marekani ilianza na wiki moja mwaka 1968, ikawa mwezi mzima 1988, na tarehe 15 imechukuliwa kwa sababu Guatemala, El Salvador, Honduras, Nikaragua na Kosta Rika zinaadhimisha uhuru wao wa 1821 siku hiyo. Meksiko inafuata tarehe 16. Kwa mwanzo wa Novemba kuna Siku ya Wafu ya Wameksiko, na vyuo huweka meza za maua ya rangi ya chungwa, mishumaa na picha za marehemu. Unaweza kuangalia kwa utulivu, ila usiguse kilichowekwa mezani. Wadominika wana 27 Februari, Wahaiti wana 18 Mei, siku ya bendera yao. Juni ni mwezi wa urithi wa watu wa Karibi tangu 2006, lakini vyuo vingi vinakuwa vimeshafunga muhula, hivyo sherehe za Juni zitafute mitaani. Gwaride kubwa la Karibi lenyewe ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba, Eastern Parkway, Brooklyn.

Tuje kwenye chakula, maana najua mnasubiri. Wali wa Puerto Rico wa sikukuu hupikwa na mbaazi, zile zile za kwetu, na mpishi akifika chini ya sufuria atakuuliza kama unataka ukoko. Kwao ukoko ni heshima, hugawiwa kwa anayependwa. Ukikutana na mama wa Kidominika anayeukwangua kwa kijiko cha chuma huku akikuangalia usoni, sogeza sahani. Mtrinidad atakupa roti, nawe utajua papo hapo kwamba chapati ya Mombasa na hiyo zina babu mmoja kutoka India. Mjamaika atakupa wali wa nazi na maharage. Muhogo, ndizi za kukaanga, juisi ya ukwaju, vyote vipo.

Ndugu Waislamu, hapa angalieni. Nguruwe anaingia hata pasipotarajiwa: vipande vya nyama yake hutiwa kwenye wali wa mbaazi na kwenye maharage kwa ajili ya ladha, na sahani ya maharage matupu si dhamana. Uliza “¿Tiene cerdo?” kabla hujachota. Hakuna atakayeudhika. Kuhusu salamu, Walatino wengi hubusiana shavuni, mwanamke na mwanamume. Kama hutaki, weka mkono kifuani na tabasamu, mambo yanaisha.

Mengine ya kuchunga ni madogo lakini yanauma. Usimwulize Mpuertoriko alipataje viza: ni raia wa Marekani tangu 1917. Usimwite kila mtu Mmeksiko. Na usipige soga nyepesi kuhusu Haiti na Jamhuri ya Dominika ukiwa meza yenye watu wa pande zote mbili. Uhuru ambao Wadominika wanausherehekea, wa 1844, waliupata kutoka kwa Haiti, na mwaka 1937 utawala wa Trujillo, dikteta wa Dominika, uliua maelfu ya Wahaiti karibu na mpaka. Sikiliza kwanza.

Kwenye mihadhara kipindi cha maswali ni kifupi. Ile tabia yetu ya “naomba nichangie” kisha dakika kumi za historia ya chama chetu, iache nyumbani. Uliza swali moja lenye alama ya kuuliza mwishoni. Mazungumzo yakiwa kwa Kihispania, ulizia mlangoni kama kuna vifaa vya tafsiri. Na mhadhara huanza kwa wakati; burudani ya usiku ndiyo huchelewa, nanyi hamtaona ajabu.

Unapotaka kuzoeana na watu wa Karibi wanaosoma historia, taja Walter Rodney. Mguyana huyu alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kitabu chake mashuhuri kuhusu jinsi Ulaya ilivyoifukarisha Afrika kilitolewa 1972 na Tanzania Publishing House pamoja na Bogle-L’Ouverture ya London. Aliuawa kwa bomu Georgetown, 13 Juni 1980. Kwa wasomi wengi wa Karibi, Dar ni sehemu ya maisha ya mtu wao. Sema baba yako alisoma Mlimani miaka ya sabini, uone viti vinavyosogezwa. Nyaraka za Rodney zimehifadhiwa Atlanta, maktaba ya Robert W. Woodruff ya Atlanta University Center, kwa walio huko kusini.

Muziki nao ni mlango. Santuri za Kuba ziliingia Kongo tangu miaka ya thelathini na kuilea rumba yetu, na Morogoro kulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Mzee aliyekulia dansi hahitaji darasa la salsa. Mpeni nafasi tu.

Habari ya malipo haina mzaha. Ukiwa mwanafunzi mwenye viza ya F-1 unaruhusiwa kazi ndani ya chuo chako hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kulipwa na chuo kingine kwa kupiga muziki au kupika sambusa ni kazi bila kibali, hata waite zawadi. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hujakubali. Mwenye viza ya matembezi au ya biashara, B, anaweza kupokea posho ya mhadhara wa kitaaluma, ila shughuli isizidi siku tisa kwenye chuo kimoja, na isiwe zaidi ya taasisi tano ndani ya miezi sita.

Walio nje ya New York wasitarajie mpangilio huu huu. Texas, kwa mfano, sheria inayoitwa SB 17 ilianza kutumika Januari 2024 na kuvifuta vitengo vya usawa na ujumuishi kwenye vyuo vya umma. Ufundishaji, utafiti na vyama vya wanafunzi vimebaki nje ya katazo hilo. Kwa hiyo huko usitafute ofisi ya utamaduni. Tafuta idara ya masomo ya Amerika ya Kilatini, au chama cha wanafunzi chenyewe. Austin maktaba ya Benson, ya mambo ya Amerika ya Kilatini, bado ni hazina.

Mkishazoeana, chama cha wanafunzi wa Afrika Mashariki kinaweza kuomba tukio la pamoja: jioni ya Rodney, mbaazi za pande mbili, au rumba ya Kuba na ya Kongo. Vyama vya wanafunzi hupewa fungu kutokana na ada ya shughuli inayolipwa kila muhula, na vyama viwili vikiomba pamoja gharama hugawanywa. Chakula cha kupika nyumbani vyuo vingi havikubali bila kibali, ulizeni mapema. Septemba kumbi zimejaa. Ombi la msimu wa vuli liandikeni Aprili, viongozi wa mwaka huu wakiwa bado hawajakabidhi madaraka, na muwe na jina la mtu mmoja wa chama chao atakayesaini nanyi.