Kiti kimoja, tiketi mbili: somo la kwanza la nyuzi

Basi la Moshi kwenda Arusha limebakiwa na kiti 1. Mawakala wawili wanatazama skrini kwa wakati mmoja, wote wanaona 1, wote wanakata tiketi. Kosa hilohilo unaweza kulizalisha maabara.

Kwa lugha ya programu ya Java, anzisha nyuzi mbili (threads, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu moja), kila mmoja uongeze 1 kwenye kaunta ya pamoja, yaani namba ya kuhesabia, mara 100,000. Zisubiri zimalize kwa join(), ndipo uchapishe jibu. Linatakiwa 200,000, mara nyingi litapungua, na kila ukiendesha upya hubadilika. Usiweke 100 tu: uzi wa kwanza huweza kumaliza kabla wa pili haujaanza, kosa likajificha.

Sasa chora ubaoni, taratibu. kaunta++, amri ya kuongeza 1, ni hatua tatu: kusoma, kujumlisha, kuandika. Uzi A umesoma 57. Kabla haujaandika, B nao umesoma 57. Wote wanaandika 58. Ongezeko moja limepotea.

Dawa ni synchronized, neno la Java linaloruhusu uzi mmoja tu kwa wakati mmoja, ule ulioshika kufuli (lock), kwa kufuli moja ileile. Kila uzi ukiwa na kufuli yake, hakuna kilicholindwa. Zikiwa kufuli mbili, zishikwe kwa mpangilio uleule kila mahali, la sivyo nyuzi zinaweza kungojeana na programu ikaganda kimya.