SOMO: Homoni na matawi ya mizizi, jaribu kwa maharage

Naliweka hapa mara moja, maana swali la "nimetia homoni, mbona mzizi umedumaa?" linarudi kila wiki.

1. Loweka maharage usiku kucha, yaviringishe kwenye karatasi ya tishu yenye unyevu, simamisha gizani.

2. Mizizi ikifika sentimita 4 hadi 5, gawa miche makundi matatu.

3. Homoni. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Tumia IBA, ambayo ni oksini, yaani homoni ya mimea inayochochea mizizi. IAA, oksini ya asili ya mmea, huharibiwa upesi na mwanga. IBA haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo yeyusha miligramu 10 kwa mililita 1 ya spiriti kwanza, ndipo ujaze maji hadi mililita 100. Chota mililita 1 ya hiyo, jaza tena maji hadi 100: una miligramu 1 kwa lita. Lowesha nayo karatasi ya kundi la kwanza. USIZIDISHE. Oksini ikizidi huchochea ethilini (homoni ya mmea iliyo gesi), mzizi mkuu unaacha kurefuka, ncha inavimba na matawi yanabanana kama brashi. Huo si ugonjwa, ni dozi. Shuka hadi miligramu 0.1 kwa lita. Kundi la pili lipe maji yenye spiriti kiasi kilekile, la sivyo huna cha kulinganishia.

4. Kundi la tatu: maji matupu, ila kata milimita 3 za ncha kwa wembe.

5. Hesabu matawi siku ya tano.

MASWALI

— Mkuu, nimekoroga unga wa homoni wa kuotesha vipandikizi kwenye maji, hamna kitu.
— Unga ule umechanganywa na talki, tena dozi yake ni ya shina. Rudia hatua ya 3.

— Kundi la pili, la maji yenye spiriti, nimeliruka, kuna ubaya?
— Ndiyo. Hutajua kilichofanya kazi ni kipi.

— Oksini inatoka kwenye majani machanga. Kwa nini kukata ncha ya chini kunaongeza matawi?
— Swali zuri sana. Oksini hushuka katikati ya mzizi kuelekea nchani. Ncha ikiondoka, inajikusanya juu ya jeraha. Isitoshe, ncha hutengeneza saitokinini, homoni nyingine inayozuia matawi kuanza. Kata mzizi kipande chembamba mahali tawi linapochomoza, uangalie kwa lenzi: utaona limeanzia ndani, kwenye perisaikili, tabaka la seli linalozunguka mirija ya maji, likapasua gamba kutoka.

— Kumbe ndiyo maana trei za miche zina matundu chini?
— Matundu ni ya kutolea maji, lakini ukiziinua kwenye vichanja, ncha zikikutana na hewa hukauka na matawi hutoka juu yake. Ukiiweka trei chini kwenye udongo faida hiyo huipati.