Kabla Hujanunua Hisa, Jipime Tabia

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Kila tukivunja kikundi na kugawana, naulizwa fedha ziwekwe wapi. Kwanza namuuliza muulizaji yeye yukoje.

Chukua daftari. Andika ulifanya nini Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Ulilimbikiza dagaa ukiamini bei itapanda? Uliuza upesi kwa hofu? Ulifuata wenzako? Andika ulichofanya kweli. Tabia hiyo hiyo utakwenda nayo kwenye soko la hisa, yaani panaponunuliwa na kuuzwa sehemu za umiliki wa kampuni.

Mchangamfu hujiamini haraka, mara nyingi kabla hajajua anachonunua. Huyu namkazania kuliko wote. Mwaka 2001 Brad Barber na Terrance Odean walichapisha utafiti wa kaya zaidi ya 35,000 za Marekani: wanaume walinunua na kuuza hisa kwa asilimia 45 zaidi ya wanawake, na huko kuuza na kununua kukawapunguzia faida zaidi. Kujiamini kuliwagharimu! Ukiwa mtu wa namna hiyo, andika kampuni inapata faida kutokana na nini, kisha mpe daftari mtu asiyeshawishika kirahisi. Akikuuliza ukakosa jibu, wiki hiyo usinunue.

Mwenye wasiwasi anaweza kujua mengi na bado asithubutu. Simsukumi kwenye hisa. Hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, huanzia shilingi 1,000,000 na riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Asiyefikisha hapo anunue kidogo kidogo vipande vya mifuko ya UTT AMIS, kampuni inayokusanya fedha za watu wengi na kuziwekeza kwa pamoja. Ila asichungulie thamani kila siku, maana hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi hicho hicho inavyomfurahisha.

Mwenye mpangilio, asiyeruka mchango hata mara moja, aendelee tu.

Ninayemhofia ni mpole asiyejua kukataa. Shemeji akija na mpango wa "ingiza watu watatu upate mara mbili", anatoa fedha ili asimuudhi. Dada yangu, jibu lako liwe moja: "Fedha zangu siamui kabla sijaongea na mweka hazina." Nipigie hata usiku, nitakuwa mimi niliyekataa.

Baada ya miezi sita fungua daftari. Ukikuta umevunja sharti lako, kama kutonunua bila jibu au kutochungulia thamani kila siku, punguza kiasi unachoweka, sharti libaki lilivyo.